Mashua Inayojiponya na Mtunzaji Wake

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimepata kazi! Mtunzaji wa Mashua ya Majaribio, Dunga. Hata ukilisema polepole jina hilo linapendeza.

Ilivyokuwa: Daktari Lornah Kageha, anayefundisha uhandisi chuo kikuu, alifika ufuoni hapa Dunga na lori. Juu ya lori, mashua nyeupe. Si ya mbao. Ni nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, zimegandishwa kwa gundi ngumu. Nikawa wa kwanza kuigonga kwa kidole na kutikisa kichwa kama mtu anayejua. Na kweli ninajua! Miaka tisa nimetengeneza bampa za faibaglasi za magari ya matajiri wa Milimani. Wengi waliridhika.

Daktari akatueleza. Mashua kama hizi zikigongwa huonekana nzima kwa nje, kumbe ndani tabaka zimeachana na nguvu imekwisha. Hii yake ni tofauti. Katikati ya tabaka ameweka plastiki maalum na nyaya nyembamba za joto. Ukiunganisha betri, nyaya zinapata moto, plastiki inayeyuka, inaingia kwenye nyufa na kuzishika. Ikipoa, nguvu inarudi. Mashua inajiponya!

Watu wakacheka. Mama Milka hakucheka. Yeye ni mwenyekiti wa kina mama wauza samaki, na kikundi chake ndicho kilichoahidiwa mashua hii majaribio yakiisha. Aliuliza jambo moja: ikigonga jiwe huko katikati ya ziwa, itamwambia angoje ipone kwanza? Daktari akajibu kwa heshima kwamba haizibi shimo. Inaponya nyufa za ndani tu, tena ikipewa joto na muda. Hapo sikusikiliza sana. Nilikuwa nafikiria kofia ya kazi.

Kazi yenyewe: kila siku isipokuwa Jumapili, kuidondoshea chuma cha kilo kumi mara moja. Kuipa joto la betri ya sola saa mbili. Kuweka mfuko wa mchanga katikati na kusoma kwenye kipimo imebonyea kiasi gani, ili ijulikane imerudisha asilimia ngapi ya nguvu yake. Kumtumia Daktari namba hiyo kwa simu.

Tuliomba wawili. Mimi, na Wesonga, fundi wa mashua za mbao, ambaye karakana yake iko hatua ishirini tu kutoka pale. Wesonga aliulizwa anajua nini kuhusu vitu hivi. Akasema hajui, ila atajifunza. Maskini! Mimi nilisema najua vyote.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza. Chuma kikaanguka: GBUU! Watu wakakimbia kutoka kwenye vibanda vya samaki wakidhani tairi limepasuka. Nikawaeleza sayansi kwa kirefu. Kabla ya joto, mashua ilibonyea vibaya. Nikaunganisha betri. Saa mbili. Nikapima tena. Asilimia tisini na saba!

Nakiri kwamba nilishikwa na bumbuwazi. Niliweka kiganja pale ilipopigwa, pakiwa bado na vuguvugu kama mgongo wa mtoto mgonjwa aliyeanza kupata nafuu. Nikamwita Wesonga aje ashike. Akashika. Akasema hiki ni kitu kikubwa. Halafu akarudi kwenye randa lake. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi

Tena. Gbuu, joto, mchanga, kipimo. Tisini na saba. Saa mbili nimekaa kwenye kiti nikitazama mashua isiyosogea. Mtu mwenye kipaji kama mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata wazo. Limenijia nikiwa hapo kwenye kiti.

Moja: betri ni kubwa, na saa mbili za joto zinaimaliza karibu yote. Mbili: nina mashine ya kunyolea nyumbani. Tatu: vijana wanaokuja kutazama chuma kikianguka wana nywele ndefu kupita kiasi.

Kinyozi! Chini ya turubai la mashua, upande wa kivuli. Chuma kinaita wateja, betri inawanyoa.

Kuhusu joto, nimefikiri kwa makini. Tayari imejulikana kwamba mashua inapona. Mimi mwenyewe nimeona mara mbili. Kwa nini niiulize kila siku? Hakuna anayemwuliza mtu mzima kila asubuhi kama bado anajua kuvaa suruali. Nikatuma namba: tisini na saba.

Jumamosi, 8 Machi

Wateja tele! Leo nimeangusha chuma mara tano kwa sababu watu waliomba kirudiwe. Mmoja aliomba aangushe mwenyewe, nikamruhusu kwa kuwa alikuwa amelipia ndevu pia. Sikupima. Nikatuma tisini na nane. Nimeona tisini na saba kila siku inachosha kusoma.

Wesonga alikuja akauliza joto linawekwa saa ngapi, maana haoni. Nikamwambia joto halionekani kwa macho. Akatazama nyaya zilizokunjwa, akarudi kazini kwake. Nilimpiga bao hapo.

Jumatatu, 10 Machi

Msiba mdogo. Mwalimu wa kwaya wa kanisa letu alikuja kunyolewa kabla ya mazishi anakotakiwa kuimbisha. Katikati ya kichwa, betri ikazima. Upande wa kushoto safi kama sahani, upande wa kulia msitu. Nikamshauri asimame akiwaonyesha waombolezaji upande wa kushoto. Akauliza, na kwaya je, wao watakuwa wapi? Swali gumu.

Wesonga alikuja na mkasi wake wa kukatia turubai akammalizia. Hakuna aliyemwita. Sasa watu wanamsifu kwamba ana mkono mwepesi.

Nimetuma: mia moja kamili.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetuma mia moja na nne. Nilikuwa na haraka, wateja walikuwa watatu kwenye foleni. Lakini baadaye nikaiangalia nikaona inapendeza. Kitu kinachoendelea vizuri lazima kipande.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari kapiga simu! Akauliza mia moja na nne imetoka wapi, kwa sababu kitu hakiwezi kupona kikawa na nguvu kuliko kabla hakijaumia. Nikamwambia huenda ni hewa ya ziwa. Akaniomba nirudie namba, nikairudia. Kisha akasema jambo hilo ni la ajabu, na atakuja aone. Alhamisi ijayo. Pamoja na wageni wa mradi! Wanataka kuona mashua ikielea na mzigo, na kikundi cha Mama Milka kikabidhiwe siku hiyohiyo.

Nimefurahi. Nitanunua shati.

Jioni Mama Milka alipita na karai lake la omena, wale dagaa wa ziwani. Akaketi kwenye kiti cha wateja bila kutaka kunyolewa. Sauti yake ilikuwa ya chini, si ile ya sokoni.

"Obiero, nikuulize, na usinijibu kama fundi wa bampa. Inapona kweli?"

Nikasema inapona.

"Unajua mwaka jana mashua ya kukodi ilitupasukia. Dada yangu Dorca mkono wake haunyooki mpaka leo. Wanawake kumi na wawili wataingia humu kwa sababu mimi nimewaambia waingie. Nauliza mara ya pili. Inapona?"

Nilifungua mdomo. Kweli nilitaka kusema. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini mteja akafika, wa ndevu, na nikamwambia Mama Milka asiwe na shaka hata kidogo. Akanishukuru. Akaniachia omena kwenye gazeti.

Sikuzila. Nikampa paka wa jirani zote. Labda ile chai ya saa kumi ilinishibisha.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamua! Nitaiponya yote kwa mpigo mmoja. Joto la siku nne mfululizo, na yaliyopita yawe yamepita. Kumbe hata si uongo, ni kuchelewa tu. Kazi ya kinyozi imefungwa.

Mvua imeanza. Mawingu kutoka hapa hadi Ahero. Sola haioni jua, betri haina kitu.

Nilidondosha chuma mara moja, kwa uaminifu.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Chuma mara moja. Betri sifuri. Nimetuma mia moja na tatu, kuonyesha unyenyekevu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua tu. Kesho ni wageni. Nikakaa nikatafakari: plastiki inataka joto. Je, Daktari alisema joto la betri peke yake? Joto ni joto!

Nimeazima pasi ya makaa kwa jirani. Nikaipiga mashua pasi asubuhi nzima, mbele, nyuma, ubavuni, kama suruali ya harusi. Wesonga aliacha kazi akaja kusimama chini ya mwavuli akitazama. Akaniambia, "Bwana Obiero, mpigie Daktari umwambie ukweli. Leo bado ni aibu tu. Kesho ni watu." Nikamjibu kwamba yeye ameshindwa kazi hii, sasa anataka nami nishindwe.

Alipoondoka nikaona pasi imeacha alama. Kahawia, umbo la pasi kabisa, ubavu wa kulia. Yawa! Nikachukua rangi ya bluu nikaandika jina juu yake kwa herufi kubwa: TUMAINI. Kina mama walipopita wakapiga vigelegele. Kumbe hata sanaa ninayo.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika kwa kalamu ya kuazima. Yangu iko ziwani.

Daktari alifika na wageni wanne. Jambo la kwanza, akataka kupima mwenyewe kabla ya mashua kugusa maji. Nikasema kipimo hakionekani. (Kilikuwa chini ya kitambaa cha kinyozi. Nilikiweka hapo mwenyewe.) Alinitazama machoni. Nikatazama ndege. Wageni wakasema wana safari ya kurudi Nairobi, wingu linakuja, na namba si zipo? Daktari akasema basi, karibu na ufuo tu, na kila mtu avae boya. Wote wakavaa. Mimi nilikataa kwa sababu lingefunika shati.

Tukaingia: Daktari, Mama Milka, mgeni mmoja na mimi, pamoja na mifuko sita ya mchanga mfano wa samaki. Kina mama wakaimba ufuoni. Nikapunga mkono. Nakiri kwamba dakika tatu hizo zilikuwa tamu sana.

Kisha sauti. Si kubwa. Kama mtu kavunja muwa kwa goti. Daktari akapiga magoti, akaweka sikio sakafuni, na uso wake ukabadilika. "Geuza," akasema. "Geuza sasa hivi!" Muwa wa pili. Wa tatu. Ubavu wa kulia ukakunjika palepale chini ya TUMAINI, na maji yakaingia kama yameitwa.

Mama Milka hakupiga kelele. Alinigeukia akauliza, "Unajua kuogelea?"

Nikasema ndiyo.

Sijui kuogelea.

Alilijua hilo kabla sijafika chini mara ya kwanza. Akanishika ukosi wa shati, shati jipya, akanivuta juu akaninyanyua kidevu kama anavyonyanyua samaki mbuta wa kuuza. Boya lake lilitubeba wawili, na kila wimbi lilimpiga yeye kisogoni, si mimi, kwa sababu alikuwa ameugeuzia upepo mgongo wake. Nilisikia meno yake yakigongana. Nilitaka kumwambia kitu. Nikameza ziwa.

Wesonga ndiye aliyetutoa sote wanne, kwa mashua yake ya mbao. Ilibainika kwamba alikuwa majini nyuma yetu tangu mwanzo, makasia mkononi. Mtu kujiandaa namna hiyo! Inaonyesha alivyokuwa akituombea mabaya.

Ufuoni Mama Milka alikaa kwenye mchanga amefunikwa leso, akitetemeka. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuuliza mara mbili." Kisha wanawake wakamzunguka, na mimi nikabaki nje ya duara.

Ijumaa, 21 Machi

Mashua imevutwa nchi kavu. Imekunjika kama chapati. Daktari akaniita. Akauliza mambo mawili kwa sauti ya kawaida kabisa: imepigwa mara ngapi, na imepewa joto mara ngapi?

Nikajibu kumi na nne, na kumi na nne.

Hapo Wesonga akaja amebeba mlango. Mlango wa karakana yake, ameung'oa kwenye bawaba! Nyuma ya mlango huo kuna alama za chaki. Kila chuma kilipoanguka mkono wake uliruka na msumeno ukapotea mstari, kwa hiyo alikuwa akiandika alama kwa hasira. Na kila alipoona nyaya za joto zimeunganishwa alichora duara.

Alama thelathini na moja. Maduara mawili.

Daktari aliuhesabu mlango mara mbili. Nikasubiri anipigie kelele. Nilishaandaa hata maelezo kuhusu mvua. Hakupiga kelele. Akasema miaka sita ya kazi yake imo kwenye mashua hiyo, na kina mama wanne kati ya wale kumi na wawili wana watoto wanaonyonya. Alisema hivyo tu. Kisha akaketi kwenye kile kiti cha wateja, akafunika uso kwa mikono. Wesonga akamletea chai.

Mimi hakuniletea.

Jumapili, 23 Machi

Sikwenda kanisani. Mwalimu wa kwaya bado ananitazama vibaya.

Nikaenda Dunga, kupita tu. Nikawakuta Daktari na Wesonga wanafanya kazi. Jana kutwa walinyoosha mashua kwa vyuma na kamba, wakarudisha tabaka ziguse tabaka, wakaunganisha betri ya gari la Daktari pamoja na mbili za kuazima. Saa tano za joto. Leo wamepima.

Lile shimo halikuziba. Kumbe alisema hivyo tangu mwanzo. Lakini sehemu nyingine zote, zilizopigwa mara thelathini na moja bila huruma: asilimia themanini na mbili!

Daktari alipima tena. Na tena. Akaanza kucheka, akafuta macho, akacheka tena. Akamwambia Wesonga kwamba hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kulimbikiza majeraha mengi hivyo kabla ya kuponya. Hakuna ambaye angeruhusiwa! Sasa anajua. Atajenga nyingine, na nyaya nyingi zaidi ubavuni. Wesonga ameajiriwa kuitunza, na atazifundisha mbao zake adabu ya kioo, ndivyo alivyosema. Mama Milka alikuwepo pia. Amesema kikundi kitaipokea hiyo ya pili, kwa sharti kwamba apime yeye kwa mkono wake, kila siku, mwezi mzima, kipimo kilale nyumbani kwake.

Nikajitokeza. Nikasema kwa upole kwamba, tukiwa wakweli, matokeo haya makubwa ni yangu. Bila mimi yasingekuwepo. Nikauliza kama jina langu litatangulia la Daktari kwenye ripoti au litafuata.

Daktari akafungua daftari akanionyesha sentensi ambayo ameshaiandika. Inasema majeraha yalilimbikizwa "kutokana na uzembe wa mtunzaji".

Mtunzaji! Nimo! Nimeinakili nimpelekee mama yangu.

Mama Milka akanipa samaki wa kwenda naye. Kichwa kitupu. Wengine wote alikuwa nao pale, wanene kabisa. Nikashukuru. Akasema, "Kula, Obiero. Ukimaliza, nenda ukajifunze kuogelea." Sikuelewa alikuwa anatania au la.

Jumatano, 26 Machi

Mambo yamenyooka! Nimepata kazi nyingine, na hii ni ya heshima zaidi. Ahero. Kuna mradi wa kuwaonya watu mapema kabla ya mafuriko. Wamesimika nguzo yenye alama mtoni, na wanatafuta mtu wa kuisoma kila asubuhi na jioni, kisha awatumie kimo cha maji. Vijiji vitatu vinasubiri namba hiyo wajue kama walale au wahame.

Kwenye usaili mama mmoja, Bi Celestine, aliniuliza kama nina uzoefu. Nikamwambia kazi yangu ya mwisho ilikuwa kutuma takwimu kila siku bila kukosa hata moja, na kwamba nimetajwa kwenye ripoti ya chuo kikuu. Akaandika hilo. Kazi nimepewa papo hapo.

Nimeenda kuiona nguzo. Iko mbali na barabara, na njia yote ni tope mpaka magotini. Mara mbili kwa siku! Hakuna mtu anayeweza kuvumilia hayo. Bahati nzuri mimi hutumia akili. Mto nimeshautazama leo, nikaielewa tabia yake.

Nimekaa chumbani pangu pakavu na kikombe cha chai. Nimeshaandika namba za mto mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Mvua imeanza tena kwenye mabati, kubwa kweli, hata sijisikii nikifikiri. Hali ya maji: shwari.